Psss! Valvu ya Tabo na Mlima wa Manyovu



Nianze na jambo ambalo fundi yeyote mwenye tabo mezani kwake anaweza kukuonyesha kwa mkono: ile valvu inayolia "psss" huwa imefungwa wakati gari linavuta. Unapokanyaga mafuta kupandisha kilima cha Manyovu, huku kwetu Kigoma, imefungwa. Unapolipita lori lenye shehena, imefungwa. Inafunguka pale tu unapoinua mguu. Kwa hiyo kijana anayeambiwa kwamba akinunua valvu mpya gari lake litapata nguvu, amuulize muuzaji swali hili kabla ya kutoa pesa mfukoni: itaniongezea nguvu vipi, ikiwa kazi yake inaanza mimi nikishaacha kuzihitaji?

Naliongelea hili leo kwa sababu magari madogo ya petroli yenye tabo yanazidi kupanda huku kwetu. Zamani ukisikia tabo unajua ni Fuso, basi au Prado ya dizeli. Sasa kuna Subaru Forester, kuna Impreza, kuna hizi Suzuki Jimny ndogo za sisi mia sita na sitini zilizokuja na usukani na vitabu vya Kijapani ndani. Na pamoja nazo imekuja biashara ya kuuza mlio. Vijana wanapewa kopo linalong'aa, jekundu au la buluu, lina nembo ya kampuni kubwa ya Japani ambayo mara nyingi haijawahi kuligusa, wanaambiwa hili ndilo wanaloweka wenzenu wa Dar na Nairobi. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi linaniuma, kwa sababu pesa hiyo ni ya maharage na kahawa, ni pesa ya jasho.

Lakini tabo yenyewe siisemi vibaya hata kidogo. Kama kuna watu Tanzania hii wenye sababu ya kuithamini tabo, ni sisi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Nyanda zetu za juu, huku Manyovu na kuelekea Heru Juu, ziko kati ya mita 1,500 na 1,700. Gari linaloondoka Kigoma mjini, likapita Mwandiga, likashika lami ile ya kuja mpakani, linapanda zaidi ya mita 700 ndani ya safari ya saa moja na ushee. Na kila linavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Tanga au Dar, pale baharini, presha ya hewa ni kama milibari 1,013. Ukifika mita 1,600 imebaki kama 835. Yaani karibu sehemu moja katika kila sita imeshaondoka, na injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe inapungukiwa kwa kiasi hicho hicho. Mafundi wana hesabu ya haraka: toa asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda.

Ndiyo maana Land Cruiser mkonga, yale meupe mnayoyaona yakienda kambi za wakimbizi, yanahema sana kwenye vilima vyetu. Injini yake, 1HZ, ni kubwa, lita 4.2, silinda sita, inadumu kuliko wengi wetu tutakavyodumu na magari yetu. Ila haina tabo. Inapokea hewa iliyopo tu, na hewa iliyopo ni pungufu.

Tabo inakwenda kinyume na hali hiyo. Ndani yake kuna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yamefungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unalizungusha la kwanza, la pili linavuta hewa safi na kuisukumiza ndani ya injini kwa presha. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyeipatia wazo hilo hati miliki mwaka 1905. Na mwaka 1918, Marekani, mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliibeba injini ya ndege iitwayo Liberty akaipandisha mpaka kileleni mwa mlima Pikes Peak, mita zaidi ya 4,300, akaifanyia majaribio huko huko juu. Injini ile chini ilikuwa na nguvu za farasi 350. Kule kileleni bila tabo ilishuka hadi 230. Walipoifungia tabo ikatoa 356. Kwa hiyo, wasikilizaji, kifaa hiki kilipata heshima yake mlimani. Mwenye Forester ya tabo anayepanda kutoka ziwani kuja Buhigwe tayari anayo dawa ya milima, imefungwa kiwandani na kulipiwa.

Sasa tuje kwenye valvu. Fikiria umekanyaga mafuta, tabo inazunguka mara zaidi ya laki moja kwa dakika. Hewa imejaa kwenye mabomba, imepita kwenye intakula ikapozwa, inaingia kwenye injini kwa kishindo. Ghafla mbele yako anatokea mbuzi. Unaachia mafuta. Pale kwenye mdomo wa injini kuna kilango cha hewa, nacho kinajifunga. Tabo haijui habari hizo, bado inasukuma. Ni kama watu wanaotoka uwanjani kwa kasi halafu mlango mmoja ukafungwa: wa nyuma wanaendelea kusukuma, wa mbele hawana pa kwenda, wanarudi na kuwagonga wenzao. Hewa hiyo inarudi kinyumenyume na kuyapiga mapanga ya tabo. Ndipo unaposikia ule mlio wa "stututu".

Kiwanda kilijua hili tangu mwanzo, kikaweka valvu. Ina mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi. Kilango kikijifunga, injini inavuta utupu, utupu unapita kwenye mpira huo na kuiinua valvu, hewa iliyokwama inapata njia. Kwenye Forester, na kwenye magari mengi ya petroli ya kawaida, hewa hiyo inarudishwa kwenye bomba la kuingilia tabo, nyuma ya sensa ya hewa, izunguke upya. Haimwagwi nje. Ndiyo maana gari la kiwandani halipigi kelele. Kazi inafanyika kimya kimya.

Valvu nyingi za kununua zinafanya kazi hiyo hiyo kwa kuimwaga hewa nje, na huko ndiko mlio unakotoka. Tatizo ni kwamba hewa hiyo imeshahesabiwa. Sensa iliyo karibu na chujio la hewa iliipima ilipokuwa inaingia, ikaipa taarifa kompyuta ya injini, na kompyuta ikapanga petroli ya kutosha hewa yote hiyo. Wewe umeimwaga barabarani. Petroli inakuja, hewa haipo. Gari linatoa moshi mweusi kila ukiachia mafuta, linalipualipua kwenye ekzosi, ukifika kwenye tuta linataka kuzima. Plagi zinaingia masizi. Baada ya muda taa ya cheki injini inawaka, na unaanza kununua vitu ambavyo havikuwa na ubaya wowote: sensa, koili, pampu ya petroli. Injini ambazo hazitumii sensa ya aina hiyo, zile zinazopima presha ndani ya manifoldi, huvumilia kumwagwa hewa bila shida hii. Kwa hiyo mtu akikuambia gari la rafiki yake lilifungwa na halikuleta tabu, huenda anasema kweli kabisa. Uliza tu injini yake inapima hewa kwa njia gani.

Halafu kuna vumbi, na hili nataka mlisikie vizuri, kwa sababu mwenye gari wa Ulaya halimhusu kama linavyotuhusu sisi. Gari likiwa limesimama linanguruma, injini inavuta utupu mkali. Valvu ya kumwaga nje yenye springi laini, na hizi za kuiga nyingi springi zake ni laini, inabaki wazi kidogo muda wote huo. Tabo haijaanza kusukuma, inazunguka polepole tu. Basi mdomo ule ulio wazi, badala ya kutoa hewa, unanyonya. Unanyonya kutoka pale chini ya boneti, bila chujio. Sasa uwe umesimama Munanila mwezi wa Agosti, lori limekupita kwenye barabara ya vumbi, udongo wetu ule mwekundu unaelea hewani kama unga. Unaingia moja kwa moja kwenye intakula, kwenye vilango, kwenye silinda. Chujio lako ulilolinunua kwa pesa yako linakaa pale limezungukwa. Injini iliyokula vumbi haipigi kelele siku ya kwanza. Inaanza kula oili, kisha inatoa moshi wa buluu asubuhi, kisha fundi anakuambia habari ya ringi na pistoni.

Watengenezaji wazuri wanalifahamu tatizo hili. Wapo wanaoweka pistoni mbili ndani ya valvu, ndogo ifunguke kwanza na kubwa baadaye, na springi ya kurekebisha. Valvu hizo ni za kweli, zimepimwa, na bei yake inaonyesha. Kopo la rangi linaloning'inia kwenye kibanda cha stika na kapeti halina habari hizo.

Wapo watakaoniambia: lakini valvu ya kununua inaifanya tabo isipoe kati ya gia na gia, ukikanyaga tena inaitika haraka. Hoja hii ina ukweli, na nisingependa kuipita juu juu. Valvu inayofunguka vizuri inaiacha tabo iendelee kuzunguka. Tofauti ni kwamba valvu nzima ya kiwandani inafanya hivyo hivyo, na hewa yake ikirudi kwenye mdomo wa tabo inaingia ikiwa na msukumo wake bado. Zaidi ya hapo, Forester nyingi zilizopo huku ni otomatiki. Kwenye otomatiki huachii mafuta ili kubadili gia, mguu umebaki pale pale, gia zinajibadili zenyewe. Valvu haifunguki kabisa. Unayelipia faida ya kati ya gia na gia kwenye gari la otomatiki, umelipia kitu ambacho gari lako halina pa kukitumia.

Je, hakuna wakati wowote wa kubadili? Upo, na ndio wakati ambao wengi wanaupuuza. Forester za kizazi cha pili zilianza kutengenezwa mwaka 2002. Hesabu mwenyewe umri wa kiwambo cha mpira kilichomo ndani ya valvu yake ya awali. Kimepikwa na joto la injini miaka hiyo yote, Japani kwanza, kisha kwetu. Kikipasuka, au kiti cha valvu kikichakaa, hewa yenye presha inavuja na kurudi nyuma wakati ule ule unapoihitaji. Gari linakuwa zito mlimani, linakunywa petroli, na tabo inalazimika kuzunguka zaidi ili kufidia kinachovuja. Hapo valvu mpya inarudisha nguvu, na mtu anaapa kwamba valvu ya kununua imeongeza farasi. Imerudisha wale waliokuwa wametoroka. Hata nzima ya kiwandani ingewarudisha.

Kuipima hakuhitaji mashine. Kwenye Forester intakula imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na valvu imeshikiliwa hapo kwa boliti mbili. Ifungue. Nenda duka la dawa ununue bomba kubwa la sindano, bila sindano yenyewe. Kata kipande cha mpira mwembamba, unganisha bomba na ile pua ndogo ya valvu, halafu vuta. Kama kiwambo ni kizima utaona valvu inanyanyuka, na ukiendelea kushikilia haishuki. Achia sasa kile kisukumio cha bomba: kikirudi chenyewe kwa kasi, valvu yako ni nzima, irudishe mahali pake na uende nyumbani na pesa yako. Kikibaki pale ulipokiacha, mpira umepasuka. Kipimo hiki ni cha valvu za kiwambo cha mpira. Zile za pistoni ya chuma huvuja kidogo hata zikiwa mpya, usizihukumu kwa njia hii.

Ukishajua imekufa, tafuta inayorudisha hewa ndani, iwe ya kiwandani iliyo nzima au ya chuma ya kampuni inayojulikana. Ya chuma ina sifa moja nzuri, inafunguliwa, inasafishwa na kupakwa grisi. Ina kasoro moja kwa mazingira yetu, pistoni yake ikiingia vumbi inakwama, kwa hiyo itakudai uangalizi kila kiangazi. Na yule aliyeongeza presha ya tabo kupita ya kiwanda, springi ya awali inaweza kuzidiwa ikaanza kuvuja. Huyo anahitaji valvu imara zaidi, sibishani naye. Ila ajue huku juu tabo yake tayari inazunguka kwa kasi kubwa kuliko ingekuwa Dar ili kupata presha ile ile, kwa kuwa hewa inayoanzia ni nyepesi. Akiiongezea tena, anaimalizia akiba yake yote.

Niseme na wenye dizeli, maana ndio wengi. Injini ya dizeli kwa kawaida haiongozwi na kile kilango cha hewa. Inaongozwa na kiasi cha mafuta. Ukiachia mguu, mafuta yanapungua na njia ya hewa inabaki wazi, kwa hiyo hakuna hewa inayogonga mlango. Dizeli mpya zina kilango, lakini ni kwa ajili ya mambo ya moshi na kuzima injini taratibu. Zipo valvu za umeme zinazouzwa kwa ajili ya dizeli. Zinatoboa bomba la hewa na kuifungulia kwa swichi ili tu zilie. Hiyo ni kuitoboa tabo yako kwa makusudi. Na ile "psss" ya Scania na mabasi mnayoisikia stendi ya Kasulu, inayowafanya watoto wageuke, ile ni hewa ya breki. Haina uhusiano wowote na nguvu ya injini.

Na kuna mlio mwingine unaowavuta vijana, ule wa milipuko ya magari ya rali. Naelewa mapenzi hayo. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Celica za tabo zilitamba huko, Mkenya Ian Duncan akashinda na moja mwaka 1994, na mwaka 1997 Colin McRae akaja kushinda na Impreza. Mtu akinunua Subaru leo, amenunua na kipande cha historia hiyo. Lakini milipuko ile inatokana na mfumo unaochoma petroli ndani ya ekzosi makusudi, ili tabo isipunguze kasi dereva anapoachia mafuta. Unaichoma tabo na manifoldi kwa moto. Timu ya rali ina malori ya spea na mafundi wanaolisubiri gari kila baada ya hatua chache. Wewe una fundi mmoja, na spea yako inakuja na basi. Angalia pia kitu ambacho magari yale yalikuwa nacho na hakuna anayekiiga: bomba la hewa lililopandishwa juu pembeni ya kioo, ili injini ivute hewa iliyo mbali na vumbi na maji. Waliokuwa wanashindana kwa sekunde, mahali pa kwanza walipoangalia ni hewa safi.

Kwa hiyo mwenye Forester yako inayosikika nzito ukipandisha, pesa uliyoitenga kwa ajili ya kopo la rangi, itumie hivi. Anza na chujio la hewa, na wakati wa kiangazi usingoje kilomita zilizoandikwa kitabuni. Kisha mwambie fundi apake maji ya sabuni kwenye mabomba yote ya hewa, kutoka kwenye tabo mpaka kwenye injini, msaidizi akanyage mafuta, muangalie povu linapotokea. Klampu iliyolegea inaiba nguvu nyingi kuliko valvu yoyote itakavyoleta. Mpira mwembamba wa utupu ukiwa na nyufa, kata au badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Halafu oili. Shafti ya tabo haigusi chuma, inaelea kwenye utando mwembamba wa oili, na utando huo ukichafuka shafti imekwisha. Baadhi ya injini za Subaru zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Kikiziba, tabo inakufa kwa kiu huku kipimo cha oili kinasema imejaa. Muulize fundi wako kama anakijua. Asipokijua, mwonyeshe.

Na ukifika juu Manyovu, umetoka kukanyaga kilima chote kile, usizime injini papo hapo kwenda kununua soda. Iache ingurume dakika moja au mbili. Tabo imetoka kuwaka moto. Ukizima, oili iliyobaki ndani yake inasimama na kuungua, inageuka masizi magumu kwenye zile njia nyembamba. Dereva wa basi anayejua kazi yake hufanya hivyo kila siku bila kuambiwa, anakaa kwenye usukani abiria wakishuka, na hapo hapo anapata nafasi ya kusikiliza injini. Ukisikia mluzi mwembamba ambao jana haukuwepo, huo ndio mlio wa kuupeleka gereji mapema kesho yake.